Kura ni Jiwe

Siku tatu mama alikataa kuuita ugonjwa.
Maumivu yalikuja yakamkunja mbele ya jiko la kuni,
kisha yakamwachia, naye akainuka, akafuta midomo,
akarudi kumenya mbegu za araukaria.
"Unaona? Yamehama."

Yalikuwa yamehama kweli.
Ndani yake kulikuwa na kitu chenye safari:
kinakwama, kinajinasua, kinabingirika kidogo,
kinakwama tena penye kona nyembamba zaidi.

Usiku wa nne alitapika kijani, kisha kahawia,
harufu ya mahali pa mbali kuliko tumbo.
Hakuwa amejamba tangu Jumanne.
Ndivyo alivyouliza nesi wa zahanati, bila haya,
na mama, aliyenichapa utotoni kwa neno hilo,
akajibu kwa kutikisa kichwa.

Ambulensi ikashuka kutoka Lonquimay kwenye theluji
hadi mdomo wa handaki la Las Raíces,
njia ya gari moja, zamu kwa zamu,
na katikati yake, usiku huohuo, lori la magogo
limevunjika ekseli.
Tukangoja. Foleni ikavimba nyuma yetu:
basi, lori la ng'ombe, mtu na trekta lake.
Dereva Eliseo alipiga honi mara moja, akaona aibu.
Mama, macho kafumba:
"Hata mlima umefunga choo."
Akacheka, na kicheko kikamuumiza.

Temuco, saa kumi alfajiri.
Daktari Troncoso aliitazama picha
kama mtu anayesoma barua mara ya pili.
"Hewa," akasema, "kwenye mirija ya nyongo,
isipostahili kuwa."
Kidole kikavuka vitanzi vya utumbo vilivyotuna
hadi chini kulia, karibu na mlango wa utumbo mpana.
"Na huyu hapa.
Miaka kumi na tisa nashika kisu, huyu ni wa pili."

Akatueleza. Haba na haba, na kibaba kilijaa
humo mfukoni mwa nyongo, gizani,
hata jiwe likaegemea ukuta,
ukuta ukachubuka, ukagandana na utumbo jirani,
na siku moja mpaka ukatoboka.
Halikupita mlangoni.

Walikata juu kidogo ya pale lilipokaa,
wakalisukuma lirudi nyuma, wakalitoa, wakashona.
Lile tundu la kwanza hawakuligusa.
"Ana miaka sabini na nane," daktari alisema. "Si kila mlango ni wa kufunguliwa leo."

Nami, nisiyejua kunyamaza, nikaanza kutafuta maana.
Nikahesabu nyongo alizomeza:
baba aliyekwenda kuvuna tufaha Argentina akaoa hukohuko;
uzio wa kampuni ya misonobari, kisima chetu upande wa pili;
mdogo wangu Lautaro, barua zake mbili.
Mpira ungali puani mwake, nikamwambia:
"Mama, ni uchungu wako ulioganda."
Akanitazama kama anayetazama mkate ulioungua.
"Ni mafuta ya nguruwe, Ayelén. Na ni jiwe.
Uchungu wangu ninao bado, usiniibie."

Siku ya tano upepo ukapita.
Wodi nzima ikasikia. Bibi wa kitanda cha dirishani,
bandeji hadi kifuani, akapiga makofi.

Jina letu ni Millacura.
Milla ni dhahabu, na kura, kwa lugha ya mama,
si ile ya sandukuni: kura ni jiwe.
Karani wa hospitali alipomkabidhi kikombe cha plastiki
alisoma jina, akatazama ndani,
akasoma jina tena.

Tulirudi mwezi wa Agosti. Handaki lilikuwa wazi.
Taa zake zikatupita, moja, moja,
na mama akafungua kifuniko, akalitoa lile yai la kware, la manjano chafu,
akalipima kiganjani.
"Jepesi," akasema,
kama mtu aliyepunjwa sokoni.